Piano Isiyotaka Kelele



Tarehe 28 Agosti 1848, mjini Manchester, Uingereza, mpiga piano mmoja alikuwa na ombi la ajabu kwa mwanamuziki mwenzake. Alimsihi asikae ukumbini kumsikiliza. Mwenzake huyo, George Osborne, alikuwa amemzoea tangu Paris, amemsikia mara nyingi katika vyumba vidogo, na mpiga piano alitaka abaki na kumbukumbu ya huko. Ukumbi wa Manchester ulikuwa na watu kama 1,200. Mwenyewe alikuwa na miaka 38, kifua kimemwishia, mwili umekonda, na alijua fika kwamba muziki wake utamezwa na ukubwa wa jengo. Jina lake Fryderyk Chopin, mzaliwa wa Poland. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Oktoba, akafariki.

Magazeti ya Manchester yalimsifu kwa adabu. Ustadi upo, yalisema, lakini nguvu haitoshi. Ukitaka kuelewa lawama hiyo, usianze na ugonjwa wake. Miaka kumi na minane nyuma, Machi 1830, Chopin akiwa kijana wa miaka ishirini, mzima wa afya, alicheza koncheto yake katika Ukumbi wa Taifa wa Warsaw kwa piano aliyoizoea nyumbani. Waliokaa chini, mbali na jukwaa, walinung'unika kwamba hawasikii vizuri. Onyesho la pili, siku chache baadaye, akaazimwa piano ya Vienna yenye sauti kubwa zaidi, na watu wakaridhika. Yeye ndiye hakuridhika. Kwa hiyo jambo hili lilikuwa tabia yake tangu mwanzo: huyu ni mtu aliyetunga na kucheza kwa ajili ya watu walio karibu. Maisha yake yote alitoa maonyesho ya hadhara kama thelathini tu. Leo mpiga piano wa kimataifa anafikisha idadi hiyo kabla mwaka haujafika nusu.

Jioni hii nataka tuzungumzie vinanda vyenyewe alivyovichezea, maana vingine bado vipo, na kwa miaka hii ya karibuni wapiga piano wameanza kuvirudia. Wanavitoa kwenye majumba ya makumbusho na kwenye karakana za mafundi, wanavifunga nyuzi, wanaviweka jukwaani, na kucheza muziki wa zamani kwa chombo cha zamani. Wapo wanaoona ni mchezo wa watu wenye muda mwingi. Mimi nadhani wanagundua kitu, ingawa sikubaliani na kila wanalodai.

Tuanze na chombo. Piano aliyoipenda Chopin kuliko zote ilitoka kiwanda cha Pleyel cha Paris. Onyesho lake la kwanza mjini humo, mwaka 1832, lilifanyika katika vyumba vya Pleyel, na la mwisho, tarehe 16 Februari 1848, likafanyika katika ukumbi wa kampuni hiyo hiyo, mtaa wa Rochechouart. Tikiti ziliuzwa 300, faranga 20 kila moja, bei ya wenye nazo. Alicheza na rafiki yake Franchomme wa selo na Alard wa fidla, kisha akabaki peke yake na tungo zake. Charles Hallé, mpiga piano aliyekuwemo, alisimulia kwamba sehemu ya mwisho ya utungo uitwao Barcarolle, ambayo kwenye karatasi inatakiwa kupigwa kwa nguvu, Chopin aliipiga kwa sauti ya chini kabisa, na bado ikawa nzuri kiasi kwamba msikilizaji alianza kujiuliza kama karatasi ndiyo iliyokosea. Wiki moja baadaye mapinduzi yakalipuka Paris, mfalme akakimbia, wanafunzi matajiri wakatawanyika, na Chopin akavuka bahari kwenda London kutafuta riziki. Alikwenda na Pleyel yake. Piano hiyo ipo hadi leo, kwenye mkusanyiko wa vinanda wa Cobbe, katika nyumba ya Hatchlands, Surrey, kusini mwa Uingereza.

Ukiifungua Pleyel ya wakati ule na kuiweka kando ya piano ya kisasa ya ukumbini, utadhani ni wanyama wawili tofauti. Piano ya leo ina fremu nzima ya chuma cha kusubu, nyuzi zake za besi zimepita juu ya zile nyingine kwa mshazari, na jumla ya mvuto wa nyuzi zote ni kama tani ishirini. Yenyewe ina uzito wa karibu kilo 500. Pleyel ya 1848 ni mbao kwa sehemu kubwa, imesaidiwa na mapau ya chuma juu, na nyuzi zake zote zimenyooka sambamba kutoka mbele kwenda nyuma. Vibao vya kubonyeza ni kama 80, wakati ya leo ina 88. Nyundo ni ndogo na nyepesi. Kibao chenyewe kinashuka kidogo tu, hakitaki bega wala kiwiko, kinataka ncha ya kidole. Na kwa kuwa nyuzi hazikukazwa sana, mafundi wengi huzityuni chini ya kipimo cha leo, mara nyingi hezi 430 badala ya 440.

Matokeo yake unayasikia mara moja. Sauti inaanza haraka na kufifia haraka. Msikilizaji wa taarab anayeijua ala ya kanuni atanielewa: uzi ukishaguswa, sauti inachanua kisha inaondoka, na mpigaji mzuri anajua kuishi ndani ya nafasi hiyo fupi. Halafu kuna jambo ambalo piano ya kisasa imelifuta kabisa. Kwenye Pleyel, besi ina sauti yake, kati ina yake, na juu ina yake. Ukishuka chini unasikia mbao na mkwaruzo mwembamba wa uzi. Kati kuna joto la mtu anayeongea. Juu kabisa kuna mng'ao mkavu usiodumu. Viwanda vya baadaye vilifanya kazi kubwa ya kusawazisha tofauti hizo, kibao cha kwanza hadi cha mwisho kiwe na rangi moja. Wakafaulu. Lakini Chopin alitunga huku akisikia sauti tatu.

Chukua suala la pedali. Katika karatasi za Chopin kuna mahali ameandika pedali ikanyagwe kwa muda mrefu, mstari mzima au zaidi, huku mkono wa kushoto ukitembea kuanzia besi ya chini kabisa. Kwenye piano ya leo ukitii maandishi hayo, noti zinarundikana, moja juu ya nyingine, mpaka unapata vurugu. Walimu wamekuwa wakiwaambia wanafunzi wabadilishe pedali kimyakimya, kana kwamba mtunzi alipitiwa. Kwenye Pleyel alama hizo zinafanya kazi. Noti ya zamani imeshafifia kabla mpya haijafika, na kilichobaki ni ukungu mwepesi unaozibeba zote. Nikiulizwa ushahidi mmoja tu kwamba chombo cha zamani kinatufundisha kitu, nitautoa huo, kwa sababu hautegemei ladha ya mtu. Unakanyaga, unasikiliza.

Siku akiwa mchovu, wasema waliomjua, Chopin alipendelea piano ya Érard, kiwanda kingine cha Paris, kwa kuwa ile ilikuwa na sauti iliyokwisha iva, inatoka nzuri hata ukiwa hoi. Siku akiwa na nguvu alitaka Pleyel, ili sauti aitafute mwenyewe. Nafikiri kauli hiyo inamweleza kuliko vitabu vingi vya maisha yake.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Septemba 2018 Taasisi ya Chopin ya Poland ilianzisha mjini Warsaw mashindano ya kimataifa ya kucheza Chopin kwa vinanda vya zamani, mbali na yale mashindano makubwa yanayojulikana duniani, yaliyoanza mwaka 1927. Washiriki waliwekewa safu ya vyombo: Érard, Pleyel, Broadwood ya Kiingereza, na nakala mpya za vinanda vya zamani. Wakaruhusiwa kuchagua, na hata kuhama chombo kimoja kwenda kingine kati ya utungo na utungo. Mshindi wa kwanza alikuwa Tomasz Ritter wa Poland. Yaliporudiwa mwaka 2023, ushindi ukaenda kwa Eric Guo wa Kanada.

Raha ya mashindano hayo ni kuona vijana waliolelewa na piano za kilo 500 wakijifunza upya adabu. Mikono iliyozoea kushindilia inakutana na chombo kinachogoma. Ukiipiga Pleyel kwa nguvu haitoi sauti kubwa, inatoa sauti mbaya. Wengine wanagundua hilo jukwaani, mbele ya majaji, na inasikitisha kuwatazama. Wengine wanapunguza, wanapunguza tena, na ghafla noti za pembeni ambazo siku zote zilikuwa zimefunikwa zinajitokeza na kuzungumza.

Lakini kuna kioja. Fainali za 2018 zilifanyika katika ukumbi wa Filharmonia ya Warsaw, wenye viti zaidi ya 1,000! Kweli, koncheto zinahitaji okestra, na okestra inahitaji nafasi. Hata hivyo hii ni Manchester tena, msikilizaji. Unachukua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule, unakiweka mbele ya watu wengi, na yule aliyenunua tikiti ya nyuma anarudi nyumbani akisema hivi vinanda vya kale havina kitu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema muziki huu lazima uusikie ukumbini, kwamba redio na rekodi ni mbadala wa maskini. Kwa piano ya kisasa wana hoja. Kwa Pleyel nasema kinyume chake. Mashindano ya Warsaw yalirushwa moja kwa moja redioni na kwenye intaneti, na vipaza sauti viliwekwa karibu na nyuzi, umbali wa mgeni aliyealikwa kukaa kando ya piano. Aliyekuwa jikoni kwake Krakow au kitandani Tokyo alisikia vizuri kuliko aliyevaa suti safu ya thelathini. Chopin alipokuwa London mwaka 1848 alicheza katika nyumba za watu. Kwenye nyumba ya Bibi Sartoris tikiti ziliwekewa kikomo cha 150, na katika kumbi za Pleyel za Paris ilikuwa mia mbili, mia tatu. Redio inafanya kazi ya nyumba hizo, isipokuwa hakuna anayeuliza umevaa nini na baba yako ni nani. Najua naivutia kamba upande wangu, mimi ni mtu wa redio. Bado nasema.

Niseme neno kuhusu nakala, kwa sababu mojawapo ina kisa. Kabla hajaondoka Poland Chopin alikuwa na piano ya fundi wa Warsaw, Fryderyk Buchholtz. Alipoondoka mwaka 1830 ilibaki kwa familia, na baadaye ikawa kwa dada yake Izabela, katika jumba la akina Zamoyski. Septemba 1863, wakati wa uasi wa Wapolandi dhidi ya Urusi, bomu lilirushwa kutoka jumba hilo kumlenga Jenerali Berg, gavana wa Kirusi. Akanusurika. Askari wakalivamia jumba, wakatupa samani nje kupitia madirisha, na piano ya Chopin ikaenda nazo, ikaanguka barabarani na kuteketezwa. Mshairi Cyprian Norwid alitunga shairi maarufu kuhusu piano hiyo. Miaka mingi baadaye Taasisi ya Chopin ikamwagiza fundi Paul McNulty, anayefanya kazi katika Jamhuri ya Czech, atengeneze Buchholtz mpya. Alitumia kama kielelezo Buchholtz nyingine iliyosalimika Kremenets, Ukraine. Nakala hiyo ndiyo iliyokuwepo jukwaani mwaka 2018. Wapo wanaobeza nakala, wanataka chombo chenyewe chenye vumbi lake. Mimi nawaambia chombo chenyewe nacho kimeshabadilishwa nyuzi, kimeshafunikwa nyundo ngozi au sufu nyingine, mbao zake zimekauka miaka 170. Mwaka 1848 kilikuwa kipya. Nakala nzuri ni mpya pia, na Chopin hakuwa mtu wa kucheza vinanda vikuukuu.

Nisiache jambo moja ambalo mtangazaji wa Ulaya anaweza kulipita, lakini sisi wa Pwani hatuwezi. Ukiiangalia kwa karibu piano ya zamani ya Paris au London, kibao cheupe kina mistari myembamba sana, imepindapinda, huwezi kuiona mpaka mwanga uje kwa upande. Karibu na mahali vibao vyeusi vinapoanzia kuna ufa mdogo kama unywele, umepita kwa upana: hapo ndipo vipande viwili vimeungwa, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma. Ile ni pembe ya ndovu, imechanwa ikawa nyembamba na kubandikwa juu ya mbao. Wapiga piano wa zamani waliisifu kwa sababu inanyonya jasho la vidole na haitelezi.

Na miaka hiyo ya Chopin, soko kuu la pembe katika upande huu wa dunia lilikuwa Unguja. Sultani Seyyid Said alihamishia makao yake huko mwaka 1840. Alikwisha kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, akafuatisha na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Pembe ilitoka bara, Unyamwezi na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikateremshwa pwani mabegani mwa watu, ikavushwa kwa majahazi, ikapimwa kwa frasila mbele ya forodha, ikapakiwa kwenda Bombay, London na Salem ya Marekani. Wafanyabiashara waliigawa mafungu mawili, pembe ngumu na pembe laini. Ya Afrika Mashariki ilikuwa laini, inachanika vizuri bila kupasuka, ndiyo iliyotakiwa na watengeneza vitana na vinanda. Baadaye katika karne hiyo vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, viliishi kwa kazi hiyo: pembe inafika kutoka Unguja, inakatwa vipande, vipande vinaanikwa juani wiki kadhaa ndani ya nyumba za vioo mpaka viwe vyeupe, kisha vinakwenda kwenye viwanda vya piano.

Wengi wa waliobeba mzigo huo walikuwa Wanyamwezi, wapagazi kwa kazi yao, wenye ujira na fahari ya safari. Wengine walibeba kwa sababu walikuwa watumwa na hawakuulizwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule mfanyabiashara Tippu Tip, alipokuja kusimulia maisha yake kwa Kiswahili alisimulia pembe karibu kila hatua, kaipata wapi, kwa bei gani, kwa vita gani. Kitabu hicho nawashauri wanafunzi wa muziki wakisome kando ya vitabu vya Chopin. Kutoka porini hadi sebule ya Paris kulikuwa na mikono mingi, na jina lililoandikwa juu ya kibao cha piano lilikuwa la fundi peke yake.

Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe Nairobi mbele ya kamera za dunia, na mwaka huo huo mataifa yaliyo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, Tanzania ikiwa miongoni mwa yaliyopeleka pendekezo, yakapiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Leo anayetaka kusafirisha Pleyel ya 1848 kutoka nchi moja kwenda nyingine anahitaji vibali. Sheria ya pembe ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, inaruhusu kuuza ala ya muziki iliyotengenezwa kabla ya 1975 ikiwa pembe ndani yake haifiki asilimia 20. Naiona ni sheria ya busara. Kung'oa pembe kwenye piano ya zamani hakumrudishii uhai ndovu yeyote, na kutengeneza mpya kwa pembe hakuna sababu. Mafundi wa nakala wanatumia mfupa wa ng'ombe, na vidole havilalamiki.

Baada ya taarifa ya habari fundi mitambo atatuwekea Berceuse, utungo ambao Chopin aliucheza usiku ule wa Februari 1848 kwa Pleyel, na tutausikia ukipigwa kwa Pleyel. Mkono wa kushoto unarudia kitu kimoja, karibu bila kubadilika, toka mwanzo hadi mwisho. Sikiliza mkono wa kulia unavyotangatanga juu yake, na sikiliza jinsi pedali inavyoziacha noti zigusane. Mlio kwenye daladala hamtaisikia, msijisumbue, kesho mchana tutairudia. Mlio nyumbani, msiongeze sauti ya redio. Sogeeni.